Sindano ya mgongo kwa maumivu ya neva: nimechomwa mara mbili, nawaelezea yote

Pingili ya Tano (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aurudie baadaye.

Kila ikitajwa sindano ya mgongo humu ndani, hujitokeza watu wa aina mbili. Yupo anayesema ilimponya papo hapo, na yupo anayesema kuna mtu alichomwa akapooza. Anayeumwa anabaki katikati, hajui amfuate nani. Mimi nimechomwa mara mbili ndani ya miezi mitatu. Ya kwanza haikunisaidia lolote, ya pili ilinirudishia usingizi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Yangu yalianza kwa kuinama kuinua boksi. Kiuno kilikaza, nikadhani ni msuli, nikachua na kumeza dawa za maumivu. Baada ya wiki mbili kiuno kikapoa, lakini maumivu yakahamia mguuni: yanaanzia kwenye kalio la kushoto, yanashuka upande wa nje wa paja, yanapita pembeni ya goko mpaka juu ya wayo na kwenye dole gumba. Ni moto, na katikati ya moto huo inapita shoti kama ya umeme. Nikikohoa, shoti. Nikipiga chafya, naona giza. Nilikuwa nalala nimekaa, kichwa nimelaza mezani. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba nikitembea dole gumba la kushoto halinyanyuki vizuri.

MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ikaonyesha diski (mto laini) iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imechomoza kwa nyuma na kuugusa mzizi wa neva, yaani mshipa wa fahamu. Hiyo ndiyo wanayoiita siatika. Njia ya maumivu yangu na picha vilikubaliana, na hapo naomba mpashike, kwa sababu wako watu wengi wasioumwa popote ambao ukiwapiga MRI utakuta diski zao zimechomoza. Picha peke yake haitoshi kumchomesha mtu sindano.

Sasa dawa inawekwa wapi? Wengi hudhani sindano inadungwa kwenye uti wenyewe, ile kamba ya neva inayoshuka kutoka ubongoni. Sivyo. Uti na mizizi ya neva vimo ndani ya mfuko wa utando mgumu uliojaa maji. Nje ya mfuko huo, kabla hujafika kwenye mfupa, kuna nafasi nyembamba yenye mafuta laini na vishipa vidogo vya damu. Nafasi hiyo ndiyo epidura. Kila neva inayokwenda mguuni au mkononi hupita hapo kabla ya kutokea kwenye tundu lake kati ya pingili na pingili.

Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, waliandika kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayoibana neva na kuleta siatika. Kwa muda mrefu ikaaminika kwamba shida yote ni kubanwa. Baadaye ikaeleweka kwamba ute wa ndani ya diski ukivuja unaiunguza neva kikemikali, nayo inavimba na kuwa nyepesi kuumia. Ndiyo maana mtu mwenye diski iliyochomoza kidogo anaweza kulia usiku kucha, na mwenye kubwa asisikie kitu. Steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, ikiwekwa kwenye epidura inatuliza huo uvimbe. Diski hairudishwi mahali pake wala ufa hauzibwi. Laiti ningeambiwa hivyo mapema!

Sindano ya kwanza nilipewa katika hospitali ambayo sitaitaja. Daktari alinikalisha nimeinama, akapapasa mgongo kwa vidole, akachoma. Eksirei haikutumika. Akaniambia, "Ukitoka hapa umepona." Nilikwenda nyumbani na matumaini makubwa mno, na wiki tatu zikapita hali ni ile ile. Siumii kwamba dawa haikufanya kazi, kwani dawa hushindwa. Naumia kwa ile ahadi.

Ya pili nililazwa kifudifudi, mto chini ya tumbo, mashine ya eksirei juu yangu. Ngozi ikatiwa ganzi. Sindano ilipofika karibu na tundu la neva wakapitisha kwanza dawa ya rangi inayoonekana kwenye eksirei, na daktari akanionyesha kwenye kioo mstari mweusi unaoifuata neva yangu. Alipoanza kusukuma dawa, mguu ukashtuka na yale maumivu yangu niliyoyazoea yakaja. Nikasema, "Ndiyo yenyewe." Akapunguza kasi, akamalizia. Ilikuwa deksamethasoni, aina ya steroidi, pamoja na dawa ya ganzi kidogo. Kazi yote haikufika nusu saa.

Saa za mwanzo mguu ulikuwa mzito na hauna maumivu kabisa. Ile ni ganzi tu, msiishangilie. Siku ya pili maumivu yakarudi yote nikajua nimeshindwa tena. Siku ya nne nikaamka nikakuta nimelala saa sita mfululizo. Mwisho wa wiki ya pili moto umekwisha, umebaki ubaridi wa ganzi kwenye dole gumba, ambao uliondoka polepole sana.

Karibuni kwa maswali. Waliopitia nao waseme, hasa ambao haikuwasaidia.

mama_wawili

Pole sana kaka, na asante. Swali langu: hii ni sindano ile ile tuliyochomwa tukiwa tunajifungua? Mimi nilichomwa ile na mpaka leo kiuno kinanisumbua. Daktari wa mifupa ananiambia nichomwe hii, naogopa nitaongeza tatizo.

Nesi wa Zamu

Dada, nifungue hapo kidogo. Nafanya kazi kwenye chumba wanakochomewa hizi sindano.

Nafasi ni ile ile, kazi ni tofauti. Ya uzazi wanaacha mrija mwembamba mgongoni ili dawa ya ganzi iendelee kuingia kadiri uchungu unavyoendelea, na haina steroidi. Hii ya neva inachomwa mara moja, sindano inatolewa, unakwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Kuhusu kiuno chako, wengi huilaumu ile sindano, lakini wanawake waliojifungua bila kuchomwa nao huumwa kiuno kwa muda mrefu, na tafiti zilizowalinganisha hazikuona kwamba sindano ndiyo chanzo. Mimba yenyewe inalegeza viungo na misuli ya tumbo, halafu kuna kuinama na kubeba mtoto. Kabla ya kukubali sindano hii, hebu tuambie: maumivu yako yanashuka mguuni chini ya goti, au yanabaki kiunoni?

Kwa wanaodhani ni jambo geni: mwaka 1901 kule Paris, Sicard na Cathelin, kila mmoja kwa upande wake, walichoma dawa ya ganzi kwenye epidura kupitia tundu lililo chini kabisa ya mgongo, karibu na mkia. Steroidi zikaanza kuongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Njia ya mkiani bado inatumika, hasa kwa waliowahi kupasuliwa mgongo. Njia ya pili inapita katikati ya pingili kwa nyuma, na ya tatu inapita pembeni, kwenye tundu la neva, ndiyo aliyochomwa mwanzisha uzi mara ya pili. Ya pembeni inafikisha dawa karibu zaidi na neva yenye shida, lakini inataka mkono wenye uzoefu na eksirei, maana karibu na tundu hilo kuna mishipa ya damu inayokwenda kwenye uti.

mama_wawili

Yanabaki kiunoni tu. Asubuhi nakuwa mgumu, nikitembea yanapungua. Mguuni hayaendi.

Nesi wa Zamu

Basi rudi ukamuulize daktari ni neva gani anayotaka kuituliza. Muulize kwa upole, lakini usiondoke bila jibu. Sindano hii ni ya neva inayowaka. Kiuno kinachouma bila neva kuhusika, nimeona wengi wanachomwa na kurudi vile vile. Na huo ugumu wa asubuhi umweleze unadumu muda gani, kwa sababu ukipita nusu saa kila siku kuna magonjwa ya uvimbe wa viungo vya mgongo ambayo tiba yake ni nyingine kabisa.

Shingo Upande

Mimi yangu ni shingo. Maumivu yanatoka nyuma ya bega la kulia, yanashuka nyuma ya mkono mpaka kidole cha kati. Nikiweka mkono juu ya kichwa napata nafuu, nikitazama juu nakufa. Kusukuma mlango mzito siwezi, mkono hauna nguvu. Nimeambiwa ni neva ya saba ya shingo. Wiki ya tano sasa. Nimepangiwa sindano na sijalala kwa woga. Ya shingo si ni hatari zaidi?

Nesi wa Zamu

Pole kaka. Ulivyoeleza ndivyo neva ya saba ilivyo: kidole cha kati, na msuli wa nyuma ya mkono unaonyoosha kiwiko unalegea. Ya sita ingekwenda kwenye dole gumba, ya nane kwenye kidole cha mwisho.

Nitakujibu kwa ukweli. Ndiyo, shingo ina nafasi ndogo ya kukosea kuliko kiuno. Pale kiunoni, chini ya pingili ya kwanza au ya pili uti umeshaishia, imebaki mizizi inayoelea kwenye maji. Shingoni uti wenyewe upo pale nyuma ya utando. Kwa hiyo madaktari waangalifu huingilia chini ya shingo, kati ya pingili ya mwisho ya shingo na ya kwanza ya kifua, ambako nafasi ya epidura ni pana kidogo, kisha dawa inapanda yenyewe. Wengi huepuka kuchoma juu zaidi ya hapo.

Njia ya pembeni kwa shingo ndiyo iliyoleta misiba iliyoandikwa vitabuni. Mshipa mkubwa wa damu unaopeleka damu nyuma ya ubongo unapita pale pale. Steroidi nyingine zina chembechembe zisizoyeyuka, kama triamsinoloni na methilprednisoloni. Zikiingia kwenye mshipa wa damu zinaweza kuuziba, na hapo ndipo kiharusi au kupooza kunakotokea. Deksamethasoni haina chembechembe hizo. Jopo la wataalamu lililoitishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilitoa mapendekezo mwaka 2015 kwamba dawa zenye chembechembe zisitumike kwa njia ya pembeni shingoni.

Kwa hiyo muulize daktari wako mambo matatu: utapita katikati au pembeni, dawa ni ipi, na utatumia eksirei pamoja na dawa ya rangi? Asiyetaka kukujibu hayo, usimpe shingo yako.

Na nguvu za mkono zifuatilie. Zikizidi kupungua siku hadi siku, usingoje tarehe ya sindano, nenda ukaonane na daktari wa upasuaji.

Mgongo wa Chuma

Mwanzisha uzi umesema waliokosa nafuu waje. Nimekuja.

Miaka sita kiuno kinauma. Nimechomwa sindano nne. Kila moja nafuu ya siku tano, wiki, halafu narudi nilikotoka. Baada ya ya nne uso ukawa mwekundu, usiku sipati usingizi, na kila nikirudi naambiwa "tuongeze moja". Hakuna hata siku moja mtu aliniuliza kama mguu unauma. Hauumi! Nimetumia muda na nguvu nyingi kufuata kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa changu. Mwaka 2025 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitoa mwongozo wa jopo la wataalamu unaopinga kwa uzito sindano hizi kwa maumivu ya mgongo yaliyozidi miezi mitatu, yasiyotokana na saratani wala magonjwa ya uvimbe wa viungo. Walipinga hata kwa yale sugu yanayoshuka mguuni. Niliusoma nikakaa kimya siku nzima.

Sisemi wengine hawakusaidika. Ninachotaka ni anayesoma hapa ajue kwamba sisi pia tupo, na ni wengi.

Pingili ya Tano

Pole sana ndugu yangu. Nisingependa hata kidogo uzi huu usomeke kama tangazo la sindano, na umefanya vyema kuja.

Ushahidi uko hivi. Mwaka 2020 kundi la Cochrane, wanaokusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, walipitia tafiti 25 za sindano hizi kwa siatika. Wakakuta zinashinda sindano ya uongo (isiyo na steroidi) kwa kiasi kidogo tu katika kupunguza maumivu, tena kwa muda mfupi. Kidogo, kwa wastani. Wastani huo una mtu kama mimi aliyelala usingizi na mtu ambaye hakusikia chochote. Mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaruhusu sindano ifikiriwe kwa siatika kali ya hivi karibuni. Mimi nilikuwa na siatika kali ya wiki kumi. Wewe ulikuwa na kiuno cha miaka. Ukilinganisha hayo mawili unaona kwa nini mimi nilipata na wewe ukakosa, ingawa na mimi ningeweza kukosa.

Halafu nikiri jambo. Siatika nyingi hupungua zenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12, na mwili hula taratibu kile kipande cha diski kilichochomoza. Siwezi kuapa kwamba mguu wangu usingepoa bila sindano. Ninachoweza kuapa ni kwamba nilikuwa silali, na baada ya siku nne nikalala.

Mazoezi ni Tiba

Nimesoma yote. Mimi ni mtu wa fizioterapia, na hapo kwenye "nikalala" ndipo kazi yangu inapoanzia.

Mgonjwa akichomwa na kupata nafuu, huwa anafanya moja kati ya makosa mawili. Wa kwanza anarudi siku ya tatu kubeba mizigo kwa sababu hauumwi tena. Wa pili anaogopa kuamsha maumivu, analala kitandani wiki tatu, misuli inasinyaa. Wote wawili nawapata baada ya miezi miwili wakisema sindano imeisha nguvu.

Nafuu ya sindano nakuomba uione kama mlango ulioachwa wazi kwa wiki kadhaa. Siku ya kwanza pumzika. Ya pili anza kutembea ndani ya nyumba, dakika tano tano. Kila siku ongeza kidogo. Usikae kwenye kiti muda mrefu, kwani kukaa kumeinama kunaibana diski kuliko kusimama. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na makalio yaanze taratibu, pamoja na yale ya kuitembeza neva, ambayo sharti mtaalamu akuonyeshe ana kwa ana. Maumivu yakirudi kutoka kwenye wayo kupanda kuelekea kiunoni, usiogope, mara nyingi ni dalili njema. Yakishuka kuelekea chini ya mguu, punguza.

Kaka Shingo Upande, kwako ni hivyo hivyo: bega na shingo visiachwe vigande. Kola ya shingo usiizoee.

Mtoto wa Kwanza

Naombeni ushauri wakubwa zangu. Mama yangu ana miaka 71. Akitembea mita mia miguu yote miwili inakuwa mizito na kuuma, analazimika kuinama au kukaa, kisha anapata nafuu. Picha imeonyesha mfereji wa uti umekuwa mwembamba kiunoni. Ana kisukari, na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu ya moyo. Wamesema wamchome sindano wiki ijayo, na mtu mmoja akamwambia aache dawa ya damu kuanzia leo. Ni sawa?

Nesi wa Zamu

Mwanangu, tafadhali mpigie mama sasa hivi. Asiache dawa ya damu kwa neno la "mtu mmoja". Anayeamua ni daktari wake wa moyo akiwasiliana na anayechoma. Nasisitiza kwa sababu pande zote mbili zina hatari. Akichomwa huku damu yake haigandi, damu inaweza kujikusanya kwenye epidura na kuubana uti, na hiyo ni dharura ya upasuaji. Akiacha dawa kiholela, bonge la damu linaweza kutoka kwenye moyo likampiga kiharusi. Kila dawa ina siku zake za kusimamishwa na kurudishwa, wafarini si sawa na klopidogreli, wala hizo mbili si sawa na dawa mpya.

La pili ni kisukari. Steroidi itapandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa wengine wiki nzima. Kama sukari yake haijatulia, waahirishe. Akichomwa, apime mara kwa mara kuliko kawaida na ajue mapema ampigie nani ikipanda.

La tatu linauma kidogo kulisema, lakini uliza kama sindano inamfaa hata kidogo. Miguu miwili inayochoka kwa kutembea na kupona kwa kuinama ni dalili ya mfereji mwembamba, si ya neva moja inayowaka. Mwongozo ule ule wa NICE alioutaja mwanzisha uzi unasema sindano ya epidura isitumike kwa hali hiyo. Na mwaka 2014 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 400 wenye mfereji mwembamba. Nusu walichomwa steroidi pamoja na lidokeini (dawa ya ganzi), nusu lidokeini peke yake. Baada ya wiki sita hapakuwa na tofauti ya maana.

Kimya Kimya

Nimekuwa nasoma tu, leo nimeona niandike. Mimi naishi na virusi vya UKIMWI, natumia dawa vizuri, sina tatizo. Nina siatika na nimepangiwa sindano. Nilipojaza fomu sikuandika dawa zangu, niliona haziwahusu. Je, nimekosea?

Nesi wa Zamu

Asante sana kwa kuuliza, swali lako litawasaidia wengi ambao hawataandika.

Inategemea dawa, na lazima waambiwe. Baadhi ya mchanganyiko una ritonaviri au kobisistati. Hizi zinazuia ini lisivunje steroidi. Triamsinoloni ambayo kwa mwingine ingeisha mwilini, kwako inaweza kukaa wiki nyingi: uso unavimba, presha na sukari vinapanda, na tezi za juu ya figo zinazotengeneza homoni za mwili zinalala. Imetokea kwa watu waliochomwa mara moja tu. Dolutegraviri yenyewe haina tabia hiyo, lakini usikisie, andika jina lililo kwenye kopo na umpelekee daktari kabla ya siku ya sindano. Kama hutaki mtu wa mapokezi aone, omba kuongea naye peke yake. Ni haki yako. Na usiache dawa zako ili uchomwe.

Kimya Kimya

Ni hiyo yenye ritonaviri. Nitapiga simu kesho asubuhi. Mungu akubariki dada.

Shingo Upande

Nimesoma pia kwamba watu walikufa Marekani kwa sindano hizi. Ni kweli?

Pingili ya Tano

Ni kweli. Mwaka 2012 chupa za methilprednisoloni zilizotengenezwa na kampuni ya New England Compounding Center huko Framingham, Massachusetts, zilikutwa na fangasi. Watu zaidi ya 750 katika majimbo 20 waliugua, wengi kwa homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 walifariki. Walikuwa watu kama sisi waliokwenda kutafuta nafuu ya mgongo. Pale tatizo lilikuwa dawa chafu. Lakini mwezi Aprili 2014 FDA ilitoa onyo pia kuhusu sindano zenyewe: kwa nadra sana, steroidi kwenye epidura imeleta upofu, kiharusi, kupooza na kifo. Ikakumbusha kwamba haijawahi kuidhinisha rasmi dawa hizo kwa matumizi haya. Madaktari wanazitumia kwa uamuzi wao wa kitaalamu. Mimi sikuambiwa hilo mara zote mbili, na nilistahili kuambiwa.

Nesi wa Zamu

Niongezee ya kuangalia ukifika nyumbani. Kuvimba uso na kuwa mwekundu siku moja mbili, usingizi kuruka, maumivu kuongezeka siku mbili za mwanzo, mwezi wa mwanamke kuvurugika: haya huja na kupita. Kichwa kinachogonga ukikaa au kusimama na kutulia ukilala maana yake utando ulitobolewa na maji yanavuja, wapigie simu waliokuchoma.

Yanayokupeleka hospitali usiku huo huo bila kungoja: homa na shingo ngumu, maumivu makali mapya ya mgongo, mguu au mkono unaozidi kulegea, ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila wewe kujua. Hayo mawili ya mwisho yanawahusu hata ambao hawajachomwa. Diski kubwa inaweza kuyaleta yenyewe, na saa zinahesabika.

Na mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, asichomwe steroidi kabla kifua kikuu cha mgongo hakijachunguzwa. Steroidi ingekipa nguvu.

Mgongo wa Chuma

Mimi nimeanza na huyu ndugu wa Mazoezi kwa ujumbe wa faragha. Wiki ya tatu. Maumivu yapo, lakini jana nimetembea dakika arobaini. Sijawahi tangu mwaka juzi.

Shingo Upande

Nimechomwa juzi. Katikati, chini ya shingo, deksamethasoni, eksirei na dawa ya rangi. Niliuliza yote matatu na daktari alikaa akanieleza bila kukunja uso. Bado sijui kama imesaidia, ni siku ya pili na bega linawaka. Nangoja siku ya nne kama alivyongoja mwanzisha uzi.

Mtoto wa Kwanza

Mrejesho wa mama. Hakuacha dawa. Tulikwenda na maswali yameandikwa kwenye karatasi. Daktari alisoma, akauliza nani ameyaandika, nikamwambia. Akasema kwa umri wake, kisukari na moyo, na kwa kuwa hana neva moja inayowaka, sindano ameifuta. Ameanzishiwa mazoezi ya kuinama na baiskeli ya kukaa, na kama miezi mitatu ikipita hatembei zaidi ya hapo, ataonana na daktari wa upasuaji. Mama amefurahi kuliko nilivyotarajia. Kumbe alikuwa anaogopa sindano wala hakutaka kuniambia.